Anayechagua Bunduki Amsikilize Anayeibeba

Serikali yo yote inaponunua bunduki kwa ajili ya askari wake hufanya kazi ambayo, kwa sura yake ya nje, haina tofauti na ununuzi wa matrekta, madawati au mashine za kupigia chapa. Kuna makadirio ya fedha, kuna zabuni, kuna kamati, kuna majaribio, na mwisho kuna sahihi ya mkubwa. Tofauti ni moja tu. Dawati bovu humwumiza mwanafunzi mgongo. Bunduki mbovu humwua aliyeibeba, na humwua akiwa mstari wa mbele, akitii amri, mbali kabisa na meza ilipotiwa sahihi.

Ndiyo maana historia ya uchaguzi wa silaha yafaa kusomwa na watumishi wa umma na walimu, hata wale ambao hawajagusa bunduki tangu walipohitimu mafunzo yao ya Jeshi la Kujenga Taifa. Historia hiyo haihusu mashujaa na majemadari peke yao. Kwa sehemu kubwa ni historia ya majalada: ya watu waliokaa mezani wakaamua, na ya watu wengine waliolipa gharama ya uamuzi huo. Na fundisho lake hujirudia katika kila nchi na kila kizazi. Bunduki si chuma peke yake. Bunduki ni pamoja na risasi yake, baruti iliyomo ndani ya risasi, magazini, chombo cha kulengea shabaha, mafuta ya kusafishia, na mafunzo ya mtu atakayeibeba. Anayebadili kimojawapo amevigusa vyote. Na anayebadili bila kumsikiliza mbebaji anacheza kamari kwa roho isiyo yake.

MOSHI WA TANGA

Mfano wa kwanza uko hapa hapa nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti 1914, sehemu kubwa ya askari Waafrika katika jeshi la wakoloni wa Kijerumani walikuwa bado wanabeba bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa nene, ya milimita 11, na ilisukumwa na baruti nyeusi ya kizamani ambayo hutoa wingu la moshi kila inapolipuka. Wakati huo baruti isiyo na moshi haikuwa siri tena. Ufaransa iliingiza bunduki ya baruti hiyo mwaka 1886, na Ujerumani yenyewe ikafuata mwaka 1888. Basi askari wa Afrika Mashariki alipewa silaha ambayo askari wa Berlin alikuwa ameiacha zaidi ya miaka 20 kabla.

Sababu yake haikuwa umaskini peke yake. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, alieleza baadaye katika kumbukumbu zake kwamba ilikuwa imeenea imani kuwa bunduki ya moshi inawafaa zaidi askari weusi, kwa kuwa kazi yao hadi hapo ilikuwa kupigana na wenyeji wasio na silaha za kisasa. Katika vita vya namna hiyo, ilidhaniwa, risasi nene ni faida na moshi si kitu. Kwa maneno mengine, dharau ndiyo iliyoandika orodha ya mahitaji. Silaha ilichaguliwa kwa ajili ya vita iliyokwisha pita, ile ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907, ambamo wananchi wenye mikuki na magobore walielekezewa bombomu. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja askari yule yule angekabiliwa na jeshi lenye bunduki bora kuliko yake.

Siku hiyo ilifika mapema. Mwanzoni mwa Novemba 1914, jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, lililotoka India, lilishuka Tanga na kukutana na watetezi wapatao 1,000. Waingereza walishindwa kwa sababu nyingi, na nyingi zilikuwa za kwao wenyewe. Lakini kila askari aliyefyatua Mauser ya mwaka 1871 alijitangaza mahali alipojificha kwa wingu lake mwenyewe. Na jambo la kwanza alilolitazama kamanda baada ya ushindi lilikuwa nyara: bunduki za kisasa za Waingereza, bombomu zao, na risasi zaidi ya laki tano. Kwa nyara hizo zaidi ya kampuni tatu zilipewa silaha mpya. Kile ambacho ofisi za Berlin hazikukitoa kwa miaka yote ya amani, adui alikitoa kwa siku tatu.

Yaliyofuata yanazidi kulithibitisha jambo hilo. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi. Ilishambuliwa na manowari ya Waingereza, ikazama katika maji machache, na shehena ikatolewa humo ikiwa imelowa. Bunduki mpya bila risasi kavu ni fimbo. Kwa hiyo ilibidi risasi zifunguliwe, zisafishwe, zikaushwe na kufungwa upya, kazi ya mikono mingi na ya muda mrefu. Mwezi Novemba 1917, baada ya kuwateka Wareno huko Ngomano ng'ambo ya Ruvuma, jeshi hilo liliharibu sehemu kubwa ya bunduki zake za kizamani na kubeba za Wareno. Liliposalimu amri huko Abercorn, ambao leo ni mji wa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zaidi ya 1,000 lililozikabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi zima lilikuwa limejichagulia silaha upya porini, kwa sababu waliochagua ofisini walichagua vibaya.

BARUTI ILIYOBADILISHWA

Atasema mtu kwamba hayo ni mambo ya ukoloni, na kwamba mkoloni hakumjali askari mweusi. Ni kweli. Lakini mfano wa pili unatoka katika taifa ambalo wakati huo lilikuwa na fedha na viwanda kuliko yote duniani, na waliolipa ni vijana wa taifa hilo lenyewe.

Mwaka 1962 bunduki nyepesi iliyoitwa AR-15, iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Eugene Stoner, ilijaribiwa huko Vietnam ya Kusini ikapewa sifa nyingi. Risasi yake ilikuwa ndogo, ya milimita 5.56, hivyo askari aliweza kubeba risasi nyingi zaidi kwa uzito ule ule. Mwezi Novemba 1963 serikali ya Marekani iliagiza bunduki 104,000 za aina hiyo, na katika jeshi zikapewa jina la M16.

Hapo ndipo meza ilipoanza kazi yake. Risasi ya Stoner ilikuwa imekuzwa pamoja na bunduki yake, kwa baruti ya aina maalumu. Wakubwa wa idara ya silaha waliona kwamba baruti hiyo ina matatizo katika utengenezaji wa wingi, na mwaka 1964 wakaidhinisha baruti ya aina nyingine, yenye punje za mviringo, ambayo jeshi lilikuwa limekwisha izoea. Stoner alipoulizwa maoni yake, uamuzi ulikuwa umekwisha fikiwa. Katika daftari la ghala risasi ilibaki ile ile: milimita 5.56, uzito ule ule, kasi ile ile ikitoka mtutuni. Ndani ya bunduki haikuwa ile ile hata kidogo. Kasi ya ufyatuaji iliyokuwa chini ya raundi 800 kwa dakika ilipanda, mara nyingine hadi karibu 1,000. Vipuri vilivunjika, na masizi mengi yalibaki ndani ya mitambo.

Jambo la pili lilihusu chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kulipuka. Hali ya hewa ya Vietnam ni ya mvua na unyevu, na chuma kisichokingwa hupata kutu kwa siku chache. Warusi na Wachina walikuwa wakizipaka kromu chemba za bunduki zao. M16 za mwanzo hazikupakwa. Jambo la tatu ndilo la kusikitisha kuliko yote. Ilienezwa habari kwamba bunduki hii mpya haihitaji kusafishwa sana, na vijana wengi walipelekwa vitani bila vifaa vya kusafishia wala mafunzo ya kutosha.

Matokeo yalikuwa kwamba ganda la risasi iliyokwisha pigwa lilinasa ndani ya chemba, na bunduki ikanyamaza. Dawa pekee ilikuwa kuchomeka fimbo ya kusafishia kwa mbele ya mtutu na kulisukuma ganda litoke, kana kwamba askari wa mwaka 1967 alikuwa amerudishiwa gobore la babu yake. Wengine walizifunga fimbo hizo ubavuni mwa bunduki ili zisitafutwe wakati wa hatari. Baada ya mapigano ya vilima vya Khe Sanh mwaka huo, barua ya askari mmoja ilifika kwa wabunge wa Marekani ikisimulia jinsi maiti za wenzake zilivyokutwa na bunduki zao zimefunguliwa pembeni. Walikufa wakijaribu kuzitengeneza.

Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza, na mwezi Oktoba 1967 ikatoa taarifa kali iliyouita uzembe huo kuwa wa kukaribia jinai. Miongoni mwa yaliyofichuliwa lilikuwamo hili: kiwanda kilipolalamika kwamba bunduki zikipimwa kwa baruti mpya hazifikii kiwango cha mkataba, kiliruhusiwa kuzipima kwa baruti ya zamani. Bunduki zilifaulu mtihani kwa risasi moja, zikapelekwa vitani kwa risasi nyingine. Mwalimu ye yote anafahamu maana ya mtihani wa namna hiyo.

Baada ya kelele hizo, chemba zilipakwa kromu, kasi ikapunguzwa, vifaa vya kusafishia vikatolewa, na mafunzo yakaandikwa kwa lugha na picha ambazo kijana wa kawaida aliweza kuzielewa. Bunduki ile ile ikawa chombo cha kutegemewa, ikaendelea kutumika kwa miongo mingi. Kwa hiyo chuma hakikuwa mkosaji. Mkosaji alikuwa utaratibu uliokitenga chuma na baruti, na kumtenga mbuni na mbebaji.

BUNDUKI YA SAJINI

Upande wa pili wa vita ile walikuwako wakulima wa Vietnam wenye bunduki ya Mikhail Kalashnikov. Huyu hakuwa profesa. Alikuwa sajini wa vifaru aliyejeruhiwa karibu na Bryansk mwaka 1941, na bunduki iliyobeba jina lake ilikubaliwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949. Si silaha yenye shabaha kali kuliko zote, wala si nyepesi kuliko zote. Lakini vipande vyake vina nafasi ya kutosha baina yao, kiasi kwamba mchanga na tope haviikwamishi upesi. Chemba yake imepakwa kromu. Na mkulima asiyejua kusoma anaweza kufundishwa kuifungua na kuifunga kwa muda mfupi. Waliounda silaha hiyo walijiuliza tangu mwanzo ni nani atakayeibeba, na ataibeba wapi.

Haifai, hata hivyo, kuisifu kupita kiasi. Urahisi ule ule ulioifanya iwe silaha ya wapigania uhuru, hata Msumbiji ikaiweka katika bendera yake mwaka 1983, ndio ulioifanya pia iwe silaha ya wezi wa mifugo, majangili na majeshi ya watoto. Chombo kinachofaa kila mkono hufaa na mkono wa mwovu. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu ambayo mchaguzi wa silaha hana budi kuifanya: si nani atakayeibeba leo tu, bali itakuwa mikononi mwa nani baada ya miaka 30, kwa maana bunduki iliyotunzwa huishi kuliko aliyeinunua.

RISASI YA WAKUBWA

Wakati mwingine kosa huanzia katika siasa za mataifa makubwa. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza chini ya Clement Attlee ilitangaza kuchukua bunduki mpya iliyoitwa EM-2, yenye risasi ya wastani ya takriban milimita 7. Wataalamu wake walikuwa wamejifunza katika Vita Kuu ya Pili kwamba askari wengi hupigana kwa umbali mfupi kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba risasi yenye nguvu nyingi mno humchosha mpigaji na kumharibia shabaha. Marekani haikukubali. Ilitaka risasi kubwa ya milimita 7.62 iwe ya wanachama wote wa NATO. Mwaka ule ule serikali ilibadilika, Winston Churchill akarudi madarakani, na EM-2 ikaachwa ili kulinda umoja na mkubwa.

Kilichotokea baadaye ni kichekesho kisichochekesha. Marekani iliichukua bunduki ya M14 mwaka 1957 kwa risasi hiyo kubwa, ikagundua kwamba ikifyatuliwa mfululizo haishikiki, na baada ya miaka 10 hivi ikawa imeigeukia risasi ndogo ya M16. Mwaka 1980 NATO nayo ikaikubali milimita 5.56. Basi yule aliyewakataza wenzake risasi ya wastani kwa kuwa ni ndogo mno, mwishowe akawaletea iliyo ndogo zaidi.

Hata hapo kazi ya kuboresha haikuwa rahisi. Risasi iliyochaguliwa mwaka 1980 ilikuwa na kichwa cha gramu 4, wakati kile cha Marekani cha zamani kilikuwa cha gramu 3.6. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko uzito wa punje chache za mahindi. Lakini kichwa kirefu zaidi huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe hewani, na kinachokizungusha ni mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Mtutu wa zamani ulikizungusha mara moja kwa kila sentimita 30. Mtutu mpya hauna budi kukizungusha mara moja kwa kila sentimita 18. Kwa hiyo mwaka 1983 wanamaji wa Marekani walichukua M16 yenye mtutu mpya. Karani wa ghala asiyejua hayo angesoma "5.56" kwenye kasha na "5.56" kwenye bunduki, akaridhika. Risasi ingeingia na kulipuka vizuri kabisa, ila ingekwenda upande wake na shabaha ikabaki salama.

BEI YA MAREKEBISHO

Uingereza nayo ilikosea kwa namna yake. Mwaka 1985 ilianza kuwapa askari wake bunduki iliyoitwa L85, ya kizazi cha SA80. Juu yake ilifungwa darubini ya kukuza mara 4, na kwa shabaha ilikuwa hodari kwelikweli. Lakini katika mchanga wa vita ya Ghuba ya mwaka 1991 malalamiko yalitoka kila upande. Bunduki ilikwama; magazini ilichomoka yenyewe kitufe chake kilipogusana na nguo; sehemu za plastiki ziliharibiwa na dawa ya kufukuzia mbu ambayo askari hao hao walikuwa wamepewa na serikali hiyo hiyo. Ofisi moja ilinunua plastiki, ofisi nyingine ikanunua dawa, na hakuna aliyeviweka viwili hivyo juu ya meza moja.

Malalamiko hayo yalichukua miaka mingi kukubaliwa. Hatimaye kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilipewa kazi ya kuzirekebisha bunduki zipatazo 200,000, kuanzia mwaka 2000, kwa gharama ya paundi milioni 92. Zilibadilishwa sehemu nyingi za ndani na magazini pia, na bunduki ikawa ya kuaminika. Fedha hizo zilikuwa ada ya kutosikiliza mapema. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Darubini nayo ina somo lake. Wengi hudhani kwamba kuifunga darubini juu ya bunduki ni kuinunua shabaha dukani. Sivyo. Darubini haina budi kulinganishwa na mtutu ule, kwa risasi ile, na jicho la mtu yule, kwa kupiga na kurekebisha hadi risasi iangukie pale inapoelekezwa. Ikibadilishwa aina ya risasi, kazi huanza upya. Ikianguka chini, kazi huanza upya. Serikali inayonunua darubini bila kutenga risasi za mazoezi imenunua mapambo. Askari aliyepiga risasi za kutosha kwa bunduki yenye vilengeo vya kawaida ni wa kuogopwa kuliko mwenye darubini ya thamani aliyefyatua mara chache kwa mwaka.

Na kwa bastola hali ni hiyo hiyo. Marekani ilipoiacha mwaka 1985 bastola iliyokuwa imeitumia tangu mwaka 1911, ilichukua aina ya Beretta ya milimita 9, ambayo ilikuwa imeshinda majaribio makali. Hata hivyo, katika vita ya Irak iliyoanza mwaka 2003 askari walilalamika kwamba inakwama. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye magazini zilizoagizwa baadaye, ambazo kwa mujibu wa maelezo ya jeshi lenyewe zilipakwa rangi nzito ya kukinga kutu. Ule ukwaruzo ulishika mchanga laini, na risasi hazikupanda. Bastola ya fedha nyingi iliangushwa na kisanduku cha bati.

KUSIKILIZA SI KUTII

Wapo watakaouliza: je, kila koplo aulizwe ndipo taifa linunue? Askari hajui bajeti, hajui uhandisi, tena mara nyingi huipenda silaha aliyoizoea na kuichukia mpya. Hoja hiyo ina ukweli. Mwaka 1942, huko Guadalcanal, wanamaji wa Marekani walikuwa bado wanazithamini bunduki zao za mwaka 1903, za kupakia kwa mkono kila baada ya pigo, huku wengi wao wakiidharau Garand mpya iliyojipakia yenyewe. Lakini walipopigana bega kwa bega na askari wa nchi kavu waliokuja na Garand, walibadili nia upesi, na wengine wakazitafuta kwa kila njia. Kwa hiyo kumsikiliza mbebaji si kumtii katika kila neno. Ni kumweka pale ambapo silaha inapimwa, kuipima kwa hali atakayokutana nayo, na kuyaandika anayoyasema bila kuyapunguza ukali kila yanapopanda ngazi moja ya cheo.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Katika mifano yote hii taarifa ilikuwako. Wajerumani walifahamu kwamba baruti nyeusi hutoa moshi. Kiwanda cha M16 kilifahamu kwamba baruti mpya imeibadili bunduki. Askari wa Uingereza walisema waziwazi kwamba magazini inadondoka. Kilichokosekana ni njia ya neno la chini kufika juu likiwa zima. Watoto hufundishwa shuleni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali njema, lakini kwa upande wa silaha kuna jambo la kuongeza: mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la mdogo huyo, na lake hubaki zima.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeletewa jalada la kununua au kuboresha silaha, iwe ya jeshi, ya polisi au ya askari wa wanyama pori, anapaswa kuuliza maswali machache kabla ya kushika kalamu. Kwanza, silaha hii inachaguliwa kwa ajili ya vita gani: ile inayotazamiwa, au ile iliyokwisha pita? Pili, je, imepimwa kwa risasi hasa zitakazonunuliwa, magazini hasa zitakazotolewa, na katika mvua, vumbi na joto la mahali itakapotumika? Tatu, fedha za mafuta, vipuri, risasi za mazoezi na mafunzo zimo ndani ya makadirio, au zimeachwa kwa mwaka ujao ambao haufiki? Nne, waliobeba silaha ya zamani wamesema nini, na maneno yao yako ukurasa gani wa jalada?

Likikosekana jibu la swali lo lote kati ya hayo, jalada halijaiva, hata kama bei ni nafuu na muuzaji ni rafiki. Na maswali hayo hayaishii kwenye bunduki. Pampu ya maji ya kijiji, dawa ya zahanati, kitabu cha darasa la tatu, vyote vina wabebaji wake ambao hawakuwamo katika kikao. Bunduki inayashinda haya yote kwa uwazi tu, kwa sababu kosa lake huonekana siku moja na huhesabiwa kwa makaburi. Makosa mengine huchukua miaka mingi kuonekana, na wakati mwingine aliyetia sahihi huwa amekwisha staafu kwa heshima.